Damu, Maharagwe na Kumbukumbu za Wazee

Mzee wa Bwera akianza kusahau majina ya wajukuu wake, wengi husema ni uzee tu. Si lazima: huenda ni Alzheimer, ambao ni ugonjwa, na damu huweza kuashiria hatari yake mapema. Mwaka 2002, watafiti wa Framingham, Marekani, waliofuatilia watu 1,092, waligundua kuwa wale ambao damu yao ilikuwa na homosisteini, aina ya asidi amino, inayozidi mikromoli 14 kwa lita, hatari yao ya kupata Alzheimer ilikaribia maradufu. Mwili huipunguza kwa folati na vitamini B12. Ndiyo maana bundu (ugali) la muhogo halitoshi bila vyakula vyenye virutubisho hivyo: maharagwe, dodo (mchicha) na samaki wa Katwe.

Wapo watakaosema uhusiano si chanzo. Ni kweli: vidonge vya vitamini B huishusha homosisteini, lakini majaribio makubwa hayajathibitisha kwamba huzuia ugonjwa huu. Hata hivyo, hoja hiyo inapinga biashara ya vidonge, si mlo kamili. Tena upungufu wa B12 wenyewe hudhoofisha kumbukumbu, na unatibika. Kwa hiyo, wana Kasese, mzee akianza kusahau, mpelekeni hospitalini akapimwe, msiseme ni uzee tu, wala msimtuhumu uchawi.