Sharti, yapasa au hiari?

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniletea kanuni alizokuwa amezitafsiri kwa Kiswahili. Zilikuwa kanuni za Debian, mradi ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, ambao hukusanya programu za mfumo wa Linux na kuzifunga katika vifurushi ili mwenye kompyuta aziweke bila taabu. Lugha yake ilikuwa safi. Hata hivyo, nilimrudishia kazi ile.

Vifurushi hivyo huundwa na watu wa kujitolea walio katika nchi mbalimbali, ambao aghalabu hawajapata kuonana. Kinachowaunganisha ni waraka wa kanuni, nao hupima uzito wa maagizo yake kwa daraja, zikiwemo tatu hizi. Daraja la kwanza ni sharti: kila kifurushi sharti kiwe na mtunzaji, kiambatane na leseni yake, tena kisifute mipangilio aliyoibadilisha mtumiaji toleo jipya liwekwapo. Kinachovunja sharti hakistahili kuingia katika toleo rasmi. La pili ni wajibu mwepesi kidogo: yapasa kila programu iwe na ukurasa wa maelezo. Ukikosekana, ni kosa la kurekebishwa, ila kifurushi hakikataliwi kwa sababu hiyo pekee. La tatu ni hiari. Anayeiacha hana lawama.

Katika tafsiri ya mwanafunzi wangu, daraja hizi tatu zilikuwa zimegeuka "kiwe na". Umbo hili la kitenzi lina kazi nyingi mno. Mama humwamuru mtoto mgonjwa "ule", na mwenyeji humkaribisha mgeni kwa neno lilo hilo. Sauti na uso ndivyo vinavyotenganisha amri na hisani. Karatasi haina uso. Mtunzaji mmoja atasoma amri, mwingine atasoma ushauri, na mwenye kompyuta ataamka akute mipangilio yake imefutika.

Kuchagua daraja ni uamuzi mzito. Mwaka wa 2017 Debian iliongeza kanuni kwamba kifurushi kikiundwa mara mbili kutokana na msimbo ule ule, katika mazingira yale yale, matokeo yawe sawasawa, ili yeyote aweze kuhakikisha kuwa hakuna kilichopenyezwa humo kwa siri. Kanuni hiyo iliwekwa katika daraja la pili. Lau ingewekwa katika la kwanza, vifurushi ambavyo havijaweza kuitimiza vingestahili kutupwa nje.

Kwa hivyo nawasihi vijana wetu wanaotunga au kutafsiri kanuni za namna hii: ukurasa wa kwanza ueleze maana ya "sharti", "yapasa" na "ni hiari", kisha maneno hayo yasibadilishwe kwa ajili ya kupamba lugha. Mwanafunzi wangu alinung'unika kwamba kurudia neno moja kunachosha. Ni kweli, kunachosha. Lakini anayeunda kifurushi usiku wa manane, peke yake, hana wa kumuuliza tulikusudia nini.