Amani Katika Dunia ya Vita (Sehemu ya 2): Mlango Uliofungwa kwa Hofu

Juma lililopita tuliuliza kama Mkristo anaweza kutumaini amani huku damu ikimwagika kila upande. Leo tuanzie getini.

Pita Barabara ya James Gichuru, Lavington, jioni: kuta ndefu, nyaya za stima juu yake, langoni bawabu na daftari la wageni. Wenye nyumba hawana lawama. Tarehe 15 Januari 2019 magaidi waliua watu 21 katika hoteli ya DusitD2 pale Riverside, mwendo mfupi kutoka hapa. Lakini geti huleta usalama tu. Aliye ndani bado hushtuka mbwa akibweka.

Wanafunzi wa Yesu waliijua hali hiyo. Yohana, sura ya 20, anasimulia kwamba jioni ya ufufuo walikuwa wamejifungia kwa hofu. Bwana akawatokea, akawasalimu kwa amani, akawaonyesha majeraha yake, kisha akawatuma nje. Salamu tunaikumbuka, majeraha na kutumwa tunavisahau. Tumaini la Kikristo halifichi jeraha, wala halijifungii ndani.

Je, hayo ni ya mimbarini tu? Pale Waiyaki Way, si mbali na Lavington, yapo makao makuu ya Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, AACC. Mwaka 1972 katibu mkuu wake, Kasisi Burgess Carr wa Liberia, aliongoza mazungumzo ya Addis Ababa kati ya serikali ya Sudan na waasi wa kusini. Vita hivyo vilianza 1955, vikaua watu wanaokadiriwa kufikia nusu milioni. Carr hakuwa na jeshi. Nguvu yake ilikuwa kwamba makanisa yalitangulia kuzisikiliza pande zote mbili kabla ya kuziomba ziketi pamoja. Februari hiyo mapatano yakafikiwa, na vita vikakoma.

Msomaji atauliza: mbona yalivunjika 1983? Ni kweli, tena Rais Nimeiri, ambaye serikali yake iliyakubali, ndiye aliyeyavunja. Hata hivyo miaka 11 si kidogo kwa mama anayelea. Na vita vilivyofuata navyo vilimalizwa mezani, kwa mapatano yaliyotiwa saini hapa hapa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Sudan Kusini imeona vita tena tangu hapo. Magugu yakirudi shambani, mkulima halaani jembe, hulinoa.

Basi, msomaji wangu, juma hili anza na mlango wako. Bawabu anayekufungulia kila jioni, unamjua jina? Jirani mliyekosana, nani ataanza kubisha hodi? Usingoje aanze yeye.

Juma lijalo tutakwenda Eldoret, kumkumbuka marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyewafungulia wakimbizi kanisa lake kuu mwaka 2008.

Itaendelea.