Theluji Katika Fremu Ndogo (Sehemu ya Tatu): Madirisha Mawili

Juma lililopita tulihesabu mizani za haiku. Tuliona kwamba utungo mzima wa 5, 7 na 5 unauzidi kwa mizani moja tu mshororo mmoja wa tarbia yetu, wenye 8 kwa 8. Leo tuingie majira ya baridi, ambayo wengi huyaona hayana cha kutazama: miti imepukutika, mbingu ina rangi ya jivu.

Naanza na mgonjwa. Masaoka Shiki, mshairi wa haiku, alizaliwa Matsuyama, Japani, mwaka 1867. Kifua kikuu kilipomwingia uti wa mgongo, akawa mtu wa kulala katika nyumba ndogo ya Negishi, Tokyo, akiuguzwa na mama yake na dada yake. Milango ilikuwa ya karatasi. Theluji ikianguka hakuiona. Aliwauliza walio nyumbani imefika kina gani, kisha akauliza tena, na mwaka 1896 kuuliza huko kukawa haiku. Mlima haumo, hekalu halimo. Mwishoni mwa 1899 mwanafunzi wake, Takahama Kyoshi, akamtilia kioo mahali pa karatasi, na bustani ikamjia hadi malaloni. Alifariki 1902, akiwa na miaka 34.

Dirisha la pili liko Prague. Josef Sudek, mpigapicha aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alianza mwaka 1940, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani, kupiga picha dirisha la studio yake. Aliendelea hadi 1954. Kioo kimeshika mvuke, matone yanateremka, na nyuma yake mti uliopinda unaonekana kama kivuli. Miaka 14, dirisha lile lile!

Naamini ufinyu ule ndio uliowafaa. Mwenye uwanja mzima mbele yake hutazama kila kitu na hasimami popote. Mwenye kioo kimoja hujua tone lilipoanzia.

Anayetaka kujaribu kwa kamera aelewe jambo moja. Kamera hupima mwanga ikidhani mandhari yote ni ya kijivu cha wastani, kwa hiyo theluji nyeupe huitia giza. Ongeza mwanga hatua moja hadi mbili. Kisha chuchumaa, ulingane na kile kitu kidogo ulichokiona, na uyaache nje ya picha yote yasiyokihusu. Katika haiku ni vivyo hivyo: kitaje, usikisifu. Huu ni mfano wangu, na kumbuka kwamba “m” ya “mtoto” ina mizani yake:

Kibarazani —
viatu vya mtoto,
theluji ndani.