Bajeti ya Mwezi kwa Mkulima wa Msimu

Programu za simu za kupanga matumizi zinapotolewa upya, ahadi huwa ni bajeti inayojipanga yenyewe: mapato hupimwa kwa mwezi, matumizi hugawanywa katika mafungu, na anayevuka kiwango huonywa. Mkulima wa Kitui au Makueni hapati nafuu hapo, kwa kuwa fedha yake haiji kwa mwezi. Huko mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa kuliko za Machi hadi Mei. Ndengu huvunwa Januari na Februari. Maembe hujaa sokoni msimu huohuo, bei ikashuka. Fedha ya majuma hayo machache ndiyo karo, mbegu na chakula cha kiangazi. Programu humsifu mkulima Februari na kumkaripia Julai, ilhali anatekeleza mpango uleule.

Shajara za fedha za shirika la FSD Kenya za mwaka 2012 na 2013 zilifuatilia karibu kaya 300 zenye kipato kidogo, Makueni ikiwemo, zikaonyesha mapato yanayopanda na kushuka sana kila mwezi. Wastani wa mwezi hapo haumwongozi mtu. Mafungu nayo yana kasoro. Taarifa ya M-Pesa humtaja mpokeaji tu: shilingi 2,000 zilizotumwa kwa namba ya simu zaweza kuwa mchango wa mazishi, ujira wa kupalilia, zamu ya chama au deni. Na mbuzi aliyenunuliwa Machi ili auzwe shule zikifunguliwa huandikwa kuwa matumizi. Hili laudhi kuliko yote, maana mtu aliyeweka akiba anaambiwa ametapanya.

Watetezi wa bajeti ya mwezi husema kikomo kifupi hujenga nidhamu. Hoja hiyo ina uzito, kwani fedha ya mavuno huweza kwisha kabla ya mvua kurudi. Lakini fedha hulindwa zaidi na kazi iliyotengewa. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2013, waliwapa wanachama wa vyama vya akiba vya zamu kisanduku cha akiba ya afya, ufunguo wakabaki nao wenyewe. Matumizi yao kwa kinga ya afya yaliongezeka kwa zaidi ya nusu, bila tarehe yoyote ya mwezi. Wapo walimu na wafanyakazi wa kaunti katika mji wa Wote, Makueni, wanaofaidi bajeti ya mwezi, na waendelee nayo. Wengine waachiwe kuchagua siku ya kuanza na ya kumaliza hesabu, wayape mafungu majina yao, na toleo jipya lisiyafute. Anayefungua hesabu siku ya kuuza ndengu ataona kila juma fedha iliyobaki ina majuma mangapi ya kulisha. Mvua ikikosa, atasogeza mwisho mbele na kujua mapema apunguze kiasi gani.