Je, Wajua? Mtoto halazimiki kurudia neno la mzazi

Katika lugha ya C#, neno async si sehemu ya saini ya methodi. Darasa mzazi likiwa nalo, darasa mtoto linaweza kuiandika upya methodi hiyo bila neno hilo, na kompaila isilalamike. Kinachobanwa ni aina ya jibu: mzazi akirudisha Task<int>, mtoto naye arudishe Task<int>.

Na Task<int> si namba. Ni kama stakabadhi ya fundi cherehani: nguo utaipata, ila huenda bado haijashonwa. Neno await, lililoingia C# mwaka 2012, ndilo hungoja nguo yenyewe. Mtoto mwenye jibu tayari hutumia Task.FromResult, hapo await haingoji chochote.

Hatari kubwa ni .Result, njia ya kuchukua jibu la Task bila await. Ukiiita kwenye uzi unaochora dirisha la programu, uzi huo unaweza kusimama ukisubiri kazi ambayo nayo inausubiri uzi huohuo ili imalizike. Dirisha linaganda. Hakuna ujumbe wa kosa. Mtumiaji anabonyeza kitufe, wapi!

Katika Python, mtoto akiacha async na kurudisha namba tupu, programu huanza vizuri tu. Ikifika kwenye await, inaanguka.