Msimu wa Joto: Je, Mtoto Mchanga Apewe Maji?

Leo tutazungumza kuhusu msimu wa joto na maji yaliyo mwilini.

Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mvua ya masika, jua huwa kali. Kule Garissa na Lodwar, joto la mchana hupita nyuzi 35. Mtoto wako wa miezi mitatu anatokwa na jasho na kulialia. Bibi yake anasema, "Huyu ana kiu, mpe maji kidogo." Utafanya nini?

Kwanza tuelewe mwili. Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu mzima ni maji. Kwa mtoto aliyezaliwa karibuni, ni takriban robo tatu. Ndani ya maji hayo mna chumvi ya kiasi maalum. Ikizidi au ikipungua sana, ubongo, moyo na misuli havifanyi kazi sawasawa. Wakati wa joto tunapoteza maji na chumvi kwa jasho. Hapo ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji. Ndiyo maana mkojo wako hupungua na kuwa wa manjano iliyokolea.

Lakini figo za mtoto mchanga hazijakomaa. Akipewa maji mengi, haziwezi kuyatoa upesi. Chumvi ya damu huzimuliwa, kama mchuzi ulioongezwa maji. Ikishuka sana, ubongo huvimba, mtoto hulegea na anaweza kupata degedege. Hata maji kidogo yana hasara: yanajaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, na yasipokuwa safi yanamletea kuhara.

Basi kiu yake itaishaje? Kwa titi, mama. Katika kila gramu 100 za maziwa yako, karibu 88 ni maji, tena yana chumvi inayomtosha. Kwa hivyo hata kwenye joto kali, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji mengine.

Fanya hivi:

Mnyonyeshe kila anapotaka, usiku na mchana. Wakati wa joto atataka mara nyingi zaidi; usidhani maziwa yamepungua.

Wewe mwenyewe kunywa maji safi mara kwa mara. Mkojo ukikolea rangi, ongeza.

Mvue nguo nzito, mweke kivulini penye hewa.

Hesabu nepi. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, anapata maziwa ya kutosha.

Akiharisha, endelea kumnyonyesha na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko mhudumu atakueleza jinsi ya kumpa maji ya ORS na dawa ya zinki. ORS si sawa na maji matupu, kwa sababu ina chumvi na sukari kwa kipimo.

Ukiona utosi umebonyea, macho yameingia ndani, hakojoi, amelegea au hawezi kunyonya, usingoje kesho. Mkimbize hospitali, huku ukiendelea kumnyonyesha njiani ikiwa anaweza.

Na bibi akiuliza tena, mketishe kwa heshima umweleze: "Maji yake yamo ndani ya maziwa."

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.