Kwenda Mjini kwa Daladala: Mgeni na Shughuli Zake Kisiwani Unguja

Mgeni anayepumzika Nungwi, Paje au Jambiani hapitishi siku nyingi kabla ya kuwa na haja ya kwenda Mjini, yaani Mji wa Zanzibar. Pengine dawa anayoitumia haipatikani kijijini, tiketi ya boti ya kurudi Dar es Salaam haijakatwa, laini ya simu haijasajiliwa, au jiko la nyumba aliyopanga linahitaji samaki, mboga na viungo. Daladala zinatosha kwa shughuli zote hizo, mradi safari ipangwe kwa kufuata mwendo wa wenyeji: asubuhi watu wa shamba, yaani wa vijijini, huingia Mjini, na kuanzia mchana hurejea makwao.

Njia za daladala hujulikana kwa nambari zilizoandikwa mbele ya gari pamoja na jina la mwisho wa safari. Tarakimu ya kwanza huonyesha upande. Nambari zinazoanza na 1 ni za kaskazini, kama 116 ya Nungwi na 118 ya Matemwe. Zinazoanza na 2 huelekea pwani ya mashariki, kama 206 ya Chwaka na 214 ya Uroa. Za 3 ni za kusini na kusini mashariki: 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi, 324 ya Bwejuu na 326 ya Kizimkazi. Za 5 huzunguka Mjini na viungani, kama 502 ya Bububu na 505 ya uwanja wa ndege. Mgeni hana budi kujua pia vijiji vilivyo njiani. Aliyefikia Paje, kwa mfano, anaweza kupanda 309 au 324, kwa kuwa zote mbili hupita hapo.

Gari za shamba hazifuati ratiba ya saa. Huondoka zikishapata abiria. Ndiyo maana wakati una uzito zaidi kuliko umbali. Asubuhi mapema wanafunzi, wafanyakazi na wachuuzi huzijaza upesi, na anayetoka kijijini saa 12 au saa 1 hasubiri sana. Anayelala Mjini na kutaka kwenda ufukweni saa hizo hizo anakwenda kinyume cha mwendo huo, hivyo huenda akasubiri muda mrefu gari lijae. Jioni hatari ya kukosa gari huwa kubwa zaidi kwa aliyeko kijijini, kwani gari nyingi hulala vijijini na za kurudi Mjini huwa chache kadiri jua linavyoshuka. Ni vyema kumuuliza konda, kabla ya kushuka, gari la mwisho hupita saa ngapi.

Mjini, shughuli nyingi hukamilishwa kwa miguu. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba mno kwa daladala, na kutoka soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, hadi bandari ya Malindi si mbali. Mpangilio mzuri ni kuanza na mambo ya karatasi: tiketi, benki, usajili wa laini. Baadhi ya maduka hufungwa adhuhuri kwa sala na mapumziko, na Ijumaa mchana shughuli hupungua zaidi. Dawa na bidhaa kavu hufuata. Samaki na mboga hununuliwa mwisho, karibu na saa ya kupanda gari, ili joto lisiviharibu. Samaki ataongezewa barafu ikiwa safari ni ya Nungwi au Makunduchi.

Nauli hupokewa na konda ndani ya gari, kwa hiyo noti ndogo na sarafu ziwe tayari mkononi. Mzigo mkubwa hupandishwa juu ya paa na huenda ukatozwa malipo yake. Bei yake huulizwa kabla haujapakiwa. Abiria hukaa kwa kubanana, hivyo vitu vya thamani na vinavyovunjika hupakatwa. Anayeingia hutoa salamu, na wazee na kina mama wenye watoto hupishwa nafasi. Nguo za ufukweni hazifai ndani ya daladala wala sokoni: mabega na magoti husitiriwa, kwa heshima ya jamii ambayo wengi wake ni Waislamu.

Zipo safari ambazo daladala haizifai. Ndege inayoondoka usiku au alfajiri haiwezi kungojea gari lijae, wala mgonjwa anayehitaji hospitali haraka. Hapo teksi ndiyo njia ya busara. Kwa boti ya asubuhi kutoka Malindi, anayekaa mbali hufanya vizuri kulala Mjini usiku uliotangulia.